Sinema Bubu na Wale Waliozisemea

Katika zama hizi ambazo kila kijana ana simu yenye picha na sauti mfukoni, ni jambo la kustaajabisha kwamba sinema bubu bado zinapendwa. Sinema bubu ni zile zilizotengenezwa kabla wataalamu hawajafaulu kuifungamanisha sauti na picha. Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, na tangu hapo sinema za namna hiyo zilitawala dunia kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1927 Marekani ikatoa The Jazz Singer, sinema ndefu ambayo ndani yake mchezaji alisikika akiimba na kusema. Watu wengi wakadhani kwamba habari ya sinema bubu imekwisha.

Haikwisha. Charlie Chaplin, bingwa wa vichekesho, alikataa kusema hata baada ya sauti kuingia, akatoa City Lights mwaka 1931 na Modern Times mwaka 1936, na sinema hizo zinatazamwa mpaka leo. Tangu 1982 mji wa Pordenone, Italia, umekuwa na tamasha linalowakusanya watu wa mataifa mbalimbali ili watazame sinema bubu tu. Mwaka 2011 Wafaransa walitengeneza The Artist, sinema isiyo na rangi na karibu yote bila maneno, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar ya sinema bora. Wanafunzi wa sasa wana mfano wao pia. Khaby Lame, kijana mzaliwa wa Senegal aliyekulia Italia, mwezi Juni 2022 aliwapita watu wote duniani kwa idadi ya wafuasi katika TikTok, naye alipata sifa hiyo kwa kutazama, kukunja uso na kunyoosha mikono, bila kutamka neno.

Basi, kwa nini? Jibu tunalolisikia mara kwa mara ni kwamba picha hizo ni za kale na zinachekesha. Jibu hilo halitoshi, maana vitu vya kale vinavyochekesha ni vingi na vingi vimesahauliwa. Kwa maoni yangu siri yake ni kwamba sinema bubu humwachia mtazamaji kazi. Inampa sura, mikono, mwendo na mahali, kisha inamwachia nafasi ya sauti. Nafasi hiyo haikai tupu hata siku moja. Lazima pawepo mtu wa kuijaza, na historia ya nchi yetu, hasa jambo lililotendeka katika milima jirani na hii yetu ya Upare, inatufundisha kuuliza mtu huyo ni nani.

HAZIKUWA KIMYA

Yafaa kwanza ieleweke kwamba sinema hizo tunaziita bubu kwa sababu ya mtambo tu, ila katika jumba la sinema hapakuwa na ukimya. Ulaya na Marekani palikuwa na mpiga piano, na katika majumba makubwa palikuwa na kundi zima la wapiga muziki. Huko Japani alikuwako mtu aliyeitwa benshi. Yeye alisimama kando ya kitambaa cheupe, akaeleza hadithi, akasema maneno ya mume na ya mke, akalia na kucheka kwa niaba yao. Baadhi ya mabenshi walipata sifa kuliko hata wachezaji waliomo katika picha, na watu waliuliza ni nani anayesimulia kabla ya kuuliza ni sinema gani.

Hata ule mwendo wa haraka unaotuchekesha, watu wakitembea kama siafu waliomwagiwa majivu, si desturi ya sinema hizo. Picha nyingi za wakati ule zilipigwa kwa kuzungusha mkono wa mtambo kwa kiasi cha picha kumi na sita au zaidi kidogo kwa sekunde. Mitambo ya sinema za sauti huendesha picha ishirini na nne kwa sekunde. Ukanda wa zamani ukitiwa katika mtambo wa namna hiyo, binadamu wa kawaida hugeuka kikaragosi. Ukiendeshwa kwa mwendo wake wa asili, watu wale hurudiwa na utu wao.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Mwaka 1909 Mwingereza Cherry Kearton alikuwa Kenya akipiga picha za safari ya uwindaji ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwaka huo huo. Mwaka 1928 Martin na Osa Johnson walitoa Simba, iliyotokana na miaka yao ya kupiga picha za wanyama na watu katika eneo letu. Visiwani Unguja, jumba la sinema la Royal lilijengwa mwaka 1921, na wakazi wa Mji Mkongwe wakaanza kuzoea kwenda kutazama picha kama walivyozoea kwenda barazani.

Tuangalie lakini jinsi hizo picha za safari zilivyosemewa. Baina ya picha na picha palikuwa na maandishi ya kueleza kinachoonekana. Maandishi hayo yalitungwa ng'ambo kwa ajili ya wasomaji wa ng'ambo. Mbeba mizigo wa Kiafrika alionekana akipita, akitabasamu au akikimbia, na mtu mwingine aliye mbali ndiye aliyeamua kwamba mbeba mizigo huyo anafikiri nini.

MAJARIBIO YA VUGIRI

Msafiri anayetoka Same kwa njia ya Tanga hupita Makanya, Hedaru na Mkomazi, akafika Mombo, na baadaye Korogwe. Mkono wake wa kushoto milima ya Upare humkabidhi kwa milima ya Usambara. Juu katika milima hiyo ya pili, mahali paitwapo Vugiri, mwaka 1935 palianzishwa kazi ambayo ni wachache kati yetu wanaoijua, nayo ni Majaribio ya Sinema ya Elimu kwa Wabantu.

Mwenye fikra hiyo alikuwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni, na fedha nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani. Kazi ya kutengeneza picha iliongozwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na ambaye tangu 1926 alikuwa akiwaza kwamba sinema ingeweza kuwatuliza vibarua wa mashambani. Mambo ya elimu yalikuwa chini ya G. C. Latham, aliyekuwa zamani mkurugenzi wa elimu kwa Waafrika huko Rodeshia ya Kaskazini, nchi ambayo sasa ni Zambia.

Katika muda wa miaka miwili hivi zilitengenezwa sinema thelathini na tano. Zilihusu minyoo ya safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, ngozi, chai, mbegu bora, Benki ya Akiba ya Posta, na kodi. Wachezaji walikuwa Waafrika, na picha zilipigwa katika mashamba, vijiji na vyuo vya huku kwetu. Kisha gari lenye mtambo wa sinema lilipelekwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rodeshia ya Kaskazini, watu wakakusanyika usiku uwanjani kutazama.

Sasa tuitazame sauti. Ukanda uliotumika ulikuwa mwembamba wa milimita 16, uliochaguliwa kwa sababu ya urahisi wa bei, nao haukubeba sauti. Kwa hiyo maelezo yalirekodiwa katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati. Gramafoni iliendeshwa sambamba na mtambo wa picha. Ilikuwa mbinu ya werevu, maana picha moja iliweza kusema lugha nyingi. Ilikuwa na taabu yake vilevile. Ukanda ukikatika na kuungwa, picha chache hupotea, na tangu hapo sauti na picha haviendi pamoja, mama akionekana anachota maji huku sauti imekwisha kufika jikoni.

Lakini taabu kubwa zaidi haikuwa ya mitambo. Santuri husema, wala haisikii. Mkulima aliyeketi uwanjani akaambiwa kwamba kodi ni kwa faida yake hakuwa na njia ya kuiuliza santuri ni faida ipi, na kwa nini mwenye mbuzi wawili atozwe sawa na fulani. Picha ilitengenezwa kwa ajili yake, na huenda ilimwonyesha mtu aliyefanana naye, ila nafasi ya sauti ilikuwa imekwisha kujazwa kabla hajafika.

Majaribio yalikoma mwaka 1937. Fedha za Carnegie zilimalizika, na serikali za makoloni hazikuwa tayari kubeba gharama. Notcutt na Latham wakaandika kitabu juu ya kazi yao, wakakichapisha mwaka huo huo.

ETI WAAFRIKA HAWAWEZI KUELEWA

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya Nijeria. Idara hiyo iliendelea kutumia sinema bubu za milimita 16 miaka mingi baada ya dunia nyingine kuziacha, na mtoa maelezo alisimama kando ya gari akizieleza kwa lugha ya mahali. Sababu moja ilikuwa gharama, na nyingine ilikuwa wingi wa lugha. Lakini palikuwa na sababu ya tatu ambayo hatuna budi kuitaja. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata sinema ya kawaida, na akaweka kanuni kwamba picha iende polepole, isiruke kutoka mahali hadi mahali, isiwe na ujanja wowote, na mtu akitoka mlangoni aonekane akitoka.

Ukweli ulikuwa ukionekana mijini bila kutafutwa. Wakati kijijini watu wanapewa picha za polepole kama uji wa mgonjwa, watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakijaza majumba ya sinema kutazama picha za Kihindi, za Kiarabu na za Kimarekani. Wengi wao hawakujua lugha zilizosemwa humo, na bado walitoka wakiwa na hadithi kamili, wakibishana njia nzima juu ya nani alikosea na nani alistahili kuoa. Watu hao walikuwa wakifanya kazi ile ile ya sinema bubu, yaani kusoma uso na kuongeza maneno wenyewe. Waliodharauliwa kwamba hawaoni ndio waliokuwa wakiona zaidi.

WAPARE WALIPOSEMA WENYEWE

Ndugu msomaji anaweza kuuliza, je, haya yanatuhusu nini sisi wa Shighatini? Yanatuhusu sana. Nimetaja kwamba mojawapo ya sinema za Vugiri ilihusu kodi. Miaka michache baadaye, katika wilaya yetu ya Upare, watawala walileta kodi mpya iliyokisiwa kwa kadiri ya mali ya mtu, ikaitwa mbiru. Wananchi waliona kwamba ukadiriaji huo haukuwa wa haki, na kwamba watu walikuwa wakichunguliwa ndani ya nyumba zao. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani, wakaenda Same kwenye boma, wakakaa huko wakidai wasikilizwe. Baadaye wanawake nao waliingia katika mgogoro huo. Hatimaye kodi ya mbiru iliondolewa. Mwanahistoria wetu, Profesa Isaria Kimambo, ameyaeleza mambo hayo kwa ukamilifu katika kitabu alichokitoa mwaka 1971.

Sisemi kwamba sinema ilileta mbiru, wala kwamba mbiru ilitokana na sinema. Ninaloweka mbele yenu ni ulinganifu. Katika sinema ya kodi, mwananchi alikuwa picha tu, na santuri ikamsemea. Katika uwanja wa Same, mwananchi yule yule alikuwa na sauti yake, na maneno aliyoyasema hayakuwa katika santuri yoyote. Anayetaka kujua mawazo ya watu wa wakati ule juu ya kodi, asiende kuisikiliza santuri, aende Same.

Haikuchukua muda mrefu sauti ikaingia katika sinema zetu pia. Miaka ya 1950 Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa mchezaji mkuu katika Muhogo Mchungu, sinema ya Kiswahili yenye maneno. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Mtu aliyekuwa picha alikuwa amepata kinywa.

KINACHOTUVUTA LEO

Nirudie sasa swali la mwanzo. Kati ya zile sinema thelathini na tano za Vugiri, zilizosalia ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Moja ni ya minyoo ya safura, ya pili ni ya mafunzo ya mifugo kwa Waafrika, na ya tatu ni ya mashamba ya wakulima huko Kingolwira, karibu na Morogoro. Hasara ya namna hiyo si yetu peke yetu. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kwamba katika sinema bubu ndefu karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, ni kama asilimia 14 tu zilizosalia kamili katika hali yake ya asili. Nyingine ziliungua, kwa kuwa ukanda wa zamani ulishika moto upesi, nyingine zilioza, na nyingi zilitupwa kwa kudhaniwa kwamba hazina kazi tena.

Mtu wa leo akizitazama zile tatu bila ya santuri, mambo hugeuka. Mtengenezaji alikusudia tuone somo. Sisi tunaona watu. Tunaona namna jembe lilivyoshikwa, nguo zilivyofungwa, vijana walivyosimama walipokuwa wakitazamwa na mgeni mwenye mtambo. Ule mtazamo wa haraka kuelekea kwenye mtambo, ambao mwelekezi angependa kuukata, kwetu ndio wenye thamani, kwa maana hapo mchezaji anatoka katika somo na kuwa babu wa mtu. Sauti ya mkubwa imenyamaza na sura zimebaki. Picha hubeba vitu vingi kuliko alivyokusudia mpiga picha, na sinema bubu, kwa sababu haituharakishi kwa maneno, hutupa muda wa kuviona.

Huo ndio mvuto wake, na ndio maana watu wetu wameuendeleza kwa njia nyingine bila kusoma kitabu chochote cha sinema. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam alitokea mtu aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliyesimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza mizaha na mafumbo ya mitaani, hata watu wakatafuta kanda kwa ajili ya sauti yake. Uganda wako akina VJ Jingo, na Kenya yuko DJ Afro. Watu hawa huishusha sauti ya Hollywood na kuweka yao. Wao ni mabenshi wetu, na tofauti yao na santuri ya Vugiri ni kwamba wanatoka miongoni mwa watazamaji, wanasikia kicheko na manung'uniko, na hujibu.

Kwa hayo natoa pendekezo kwa wahitimu wenzangu na kwa uongozi wa shule yetu. Katika moja ya mikutano yetu ijayo, tuonyeshe ukutani sinema bubu moja, ikiwezekana mojawapo ya zile zilizopigwa nchini mwetu, na tusiweke maelezo yoyote. Wazee wa hapa waalikwe, wawaeleze vijana wanachokiona, kama ni namna ya kufunga matuta au ya kuchunga mbuzi. Wanafunzi nao watunge maelezo yao, kwa Kiswahili na kwa Chasu, na watu wawajibu. Aidha, mhitimu yeyote mwenye kanda za zamani za harusi, za mahafali au za mashindano ya michezo hapa shuleni, asizitupe kwa sababu eti sauti imeharibika. Azilete zihamishwe katika mitambo ya kisasa kabla ukungu haujazila. Sauti tutaitia sisi tuliokuwapo, madhali tungali hai na majina ya watu tunayakumbuka.

Nanyi wanafunzi wa sasa, mnaopokea kila siku picha zilizokwisha kusemewa na watu msiowajua, jaribuni mara moja moja kuzima sauti na kutazama. Wahenga walisema kuona ni kuamini. Zama zetu zinataka tuongeze kwamba anayeona hana budi aseme mwenyewe alichokiona, maana asiposema, hakosekani mtu wa mbali wa kumsemea.